Mbolea Hugusa Pia Vijidudu vya Mbegu na Ubora wa Nafaka

Wakulima wa wadi ya Kivaa, katika kaunti ndogo ya Masinga, wanapotayarisha mashamba kwa mvua za vuli, swali linaloulizwa sana ni mifuko mingapi ya mbolea itahitajika na kwa bei gani. Swali hilo ni la haki. Lakini lipo swali la pili ambalo huulizwa mara chache: mbolea hiyo itaifanyia nini nafaka yenyewe? Je, nafaka itakuwa salama kwa mlaji? Itakuwa na lishe? Na ikirudishwa shambani kama mbegu, itaota kwa nguvu?

Mbolea hulisha mmea. Lakini udongoni, mizizini na hata ndani ya punje huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo pia huguswa na mbolea. Baadhi yao ni marafiki wa mkulima. Wengine huacha sumu katika chakula. Mmea ulionyimwa mbolea na mmea uliomwagiwa mbolea bila kipimo yote miwili huweza kuwapa nafasi vijidudu wabaya. Kwa hivyo kipimo, wakati na aina ya mbolea ni mambo ya afya ya familia, si ya wingi wa magunia peke yake.

Kwa nini jambo hili ni zito Machakos

Eneo la Ukambani linajua gharama ya nafaka mbaya. Mwaka 1981, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini wakiwa na maradhi ya ini baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kati yao 12 walifariki. Mwaka 2004 sumu hiyo ilirudi kwa ukali zaidi katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 kati yao wakafa. Uchunguzi uliofanywa wakati huo katika mahindi yaliyokuwa sokoni ulionyesha kwamba asilimia 55 ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa nchini, ambacho kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo. Leo kiwango cha Kenya ni kikali zaidi: mikrogramu 10 kwa kilo.

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye ni wa kawaida katika udongo wa sehemu zenye joto na ukame. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kwa wingi huua ini kwa siku chache. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na imehusishwa na kudumaa kwa watoto.

Watu wengi hudhani tatizo huanza ghalani. Ni kweli kwamba mwaka 2004 familia zilizohifadhi mahindi yakiwa na unyevu ndizo zilizoumia zaidi. Lakini mara nyingi kuvu huwa ameshaingia ndani ya punje mahindi yakiwa bado shambani. Hapo ndipo habari ya mbolea inapoanza.

Mbegu si chombo kitupu

Punje ya mahindi, ndengu au kunde hubeba vijidudu juu ya ganda lake na ndani yake pia. Baadhi hupanda kutoka mizizini kupitia mishipa ya mmea. Wengine huingia kupitia ua wakati wa uchavushaji, na wengine hupitia matundu yaliyotobolewa na wadudu. Punje inapopandwa, wapangaji hao huamka pamoja nayo.

Wapo bakteria wa mbegu wanaosaidia mche mchanga kupata fosforasi iliyofungwa udongoni, na wapo wanaoshindana na kuvu wabaya kwa nafasi na chakula. Wapo pia kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao huozesha mche na kuacha sumu nyingine iitwayo fumonisini ndani ya mahindi. Mkulima anayejiwekea mbegu mwenyewe, kama wengi wafanyavyo kwa ndengu, kunde na mbaazi, huweka pia vijidudu wa shamba lake, wazuri kwa wabaya. Namna alivyoutunza mmea mama msimu huu ina sehemu katika kuamua ni wapangaji gani atakaowapanda msimu ujao.

Mmea wenye njaa huacha mlango wazi

Udongo wa sehemu nyingi za nyanda kavu za Machakos una upungufu wa naitrojeni, fosforasi na mboji. Mahindi yanayokosa naitrojeni huonekana kwa majani ya chini kuwa ya njano kuanzia nchani kuelekea katikati. Mmea kama huo hutoa mavuno kidogo, lakini hasara haiishii hapo. Majaribio yaliyofanywa kusini mwa Marekani yalionyesha kwamba mahindi yaliyonyimwa naitrojeni yalikuwa na aflatoksini nyingi kuliko yale yaliyopata mbolea ya kutosha.

Sababu si ngumu kueleweka. Kuvu wa aflatoksini hupenda kuingia wakati mahindi yanapotoa nywele. Huota juu ya nywele hizo, kisha hushuka hadi kwenye punje changa. Ikiwa wakati huo mmea una njaa, kiu na joto, nguvu zake za kujikinga huwa chini. Zaidi ya hayo, gunzi la mmea dhaifu mara nyingi halifunikwi vizuri na maganda yake, na wadudu hupata njia ya kutoboa punje. Kila tundu la mdudu ni mlango wa kuvu.

Kwa mkulima wa Kivaa, hatari kubwa ni pale njaa na kiu vinapokutana: mvua zinakatika mapema, na udongo nao hauna rutuba. Mbolea haiwezi kuleta mvua. Lakini mmea uliopata chakula mapema hutuma mizizi chini zaidi na kufikia maji ambayo mmea dhaifu hauyafikii. Ndiyo maana mbolea ya kupandia inapaswa kuandamana na matuta ya fanya juu, mashimo ya kuhifadhi maji na aina za mahindi zinazokomaa haraka, zikiwemo zile zilizotokana na utafiti wa Katumani.

Mbolea ikizidi au ikikosewa

Kuna upande wa pili. Mbolea nyingi bila mpango haiongezi usalama wa nafaka, na hudhuru vijidudu marafiki kwa njia tatu.

Kwanza ni katika jamii ya kunde. Mizizi ya ndengu, kunde na mbaazi ina vifundo vidogo vinavyokaliwa na bakteria wanaoitwa raizobia. Bakteria hawa huchukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mkulima akimwaga naitrojeni nyingi, mmea hauoni haja ya kuwalisha, na vifundo hupungua au huacha kufanya kazi. Mkulima anakuwa amenunua kwa pesa kitu ambacho angepewa bure. Njia ya kukagua ni rahisi: ng’oa taratibu mmea mmoja unapokaribia kutoa maua, kisha ukate kifundo. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, hawafanyi kazi.

Pili ni fosforasi na madini ya zinki. Kuvu si wabaya wote. Wapo wanaoishi na mizizi ya mahindi na mtama na kuisaidia kufikia fosforasi na zinki zilizo mbali. Fosforasi ya dukani ikizidi mahitaji, ushirika huo hulegea, na zinki inayofika kwenye punje huweza kupungua. Papo hapo punje hujaza faiteti zaidi, kemikali inayozuia mwili wa mlaji kufyonza zinki na chuma. Hivyo gunia linaweza kuwa zito lakini chakula chake kikawa hafifu kwa mtoto.

Tatu ni tindikali. DAP na Urea zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila samadi wala kupima udongo, huongeza tindikali udongoni. Udongo wenye tindikali kali hufunga fosforasi isipatikane na hudhoofisha raizobia. Mkulima huongeza mbolea kila msimu, lakini faida hupungua kila msimu.

Kuna pia suala la maji. Mahindi yaliyopewa naitrojeni nyingi mapema huota majani mengi na mapana, na majani hayo hunyonya maji ya udongoni haraka. Mvua ikikatika kabla ya nywele kutoka, shamba lililokuwa kijani kuliko yote linaweza kupata kiu kali wakati ule ule ambao kuvu huingia.

Ubora wa punje si uzito peke yake

Naitrojeni ya kutosha huongeza protini katika mahindi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya protini inayoongezeka ni ya aina ambayo ni maskini wa lisini na triptofani, viungo ambavyo mwili wa mtoto unahitaji ili ukue. Ndiyo sababu mlo wa mahindi na maharagwe, ndengu au kunde, kama isyo, ni bora kuliko mahindi matupu hata yakiwa yamepata mbolea vizuri. Shamba lenye mchanganyiko wa mahindi na jamii ya kunde huilisha familia na udongo kwa pamoja.

Madini kama zinki hutegemea kilichomo udongoni na kilichoongezwa. Ufini, kwa mfano, ilianza katika miaka ya 1980 kutia madini ya seleni katika mbolea ya nchi nzima kwa sababu udongo wake ulikuwa na upungufu, na kiwango cha madini hayo katika chakula cha wananchi kikapanda. Somo kwa mkulima ni kwamba kinachokosekana udongoni hukosekana pia sahanini. Kupima udongo ndiko kunakoonyesha kama shamba linahitaji zinki, chokaa au naitrojeni tu.

Samadi na mbolea ya dukani: si mahasimu

Tangu 1976, watafiti wa kilimo huko Kabete, Nairobi, wamekuwa na shamba la majaribio ambapo vipande vingine hupewa mbolea ya dukani, vingine samadi, na vingine vyote viwili. Vipande vilivyopata samadi pamoja na mbolea ya dukani vilitoa mavuno bora na kuhifadhi mboji kuliko vilivyotegemea mbolea ya dukani peke yake.

Mboji ndiyo nyumba na chakula cha vijidudu wa udongoni. Pia hushika maji, jambo lenye thamani kubwa katika ardhi ya Kivaa. Samadi inapaswa kuiva kwanza: irundikwe kivulini, ifunikwe, ilowanishwe kidogo na kugeuzwa hadi ipoteze joto na harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche na kueneza mbegu za magugu. Magunzi na punje zilizooza zisitupwe kwenye lundo hilo wala kurudishwa shambani, kwa maana hubeba kuvu.

Kipimo cha kifuniko cha soda

Si lazima mkulima awe na mizani. Kifuniko kimoja cha chupa ya soda hubeba takribani gramu 5 za mbolea ya kupandia. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, ekari moja huwa na mashimo karibu 15,000. Kifuniko kimoja kwa kila shimo ni kilo 75 kwa ekari, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Kwa bei ya ruzuku ya Sh2,500 kwa mfuko, iliyotangazwa na serikali ya kitaifa mwaka 2023, hiyo ni Sh3,750. Mwenye mfuko mmoja tu asiutawanye ekari nzima kwa kurusha. Autumie kwa mashimo 10,000, ambayo ni karibu theluthi mbili za ekari, na sehemu iliyobaki aitilie samadi na kupanda jamii ya kunde.

Mambo haya yazingatiwe wakati wa kutia mbolea:

• Mbolea itangulie shimoni, ifunikwe kwa udongo kidogo, kisha mbegu ifuate. Mbolea ikigusa mbegu huiunguza pamoja na vijidudu wake.

• Mbolea ya kukuzia, kama CAN, itiwe mahindi yakifika magotini na udongo ukiwa na unyevu. Kama mvua imekatika, mkulima asubiri. Kama haikurudi, mbolea hiyo ihifadhiwe mahali pakavu hadi msimu ujao.

• Ndengu na kunde huhitaji fosforasi zaidi kuliko naitrojeni. Hazihitaji kutiwa CAN.

• Mbolea isitiwe kabla ya palizi. Magugu hula kwanza.

Vijidudu wanaonunuliwa

Wapo vijidudu marafiki wanaopatikana kwa pakiti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulizaa Biofix, unga wenye bakteria raizobia unaopakwa juu ya mbegu za jamii ya kunde muda mfupi kabla ya kupanda. Kila zao lina bakteria wake, kwa hivyo mkulima ataje zao anaponunua. Pakiti isiachwe juani, na mbegu iliyopakwa isichanganywe na mbolea wala dawa, kwa sababu bakteria hao ni viumbe hai.

Kwa mahindi ipo Aflasafe KE01, ambayo hutengenezwa katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huko Katumani. Ni punje za mtama zilizobebeshwa aina 4 za kuvu wa humu humu Kenya, ndugu wa yule wa aflatoksini lakini wasiotengeneza sumu. Hurushwa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu hao huwahi nafasi, na yule mwenye sumu akija hukuta nyumba imejaa. Mtama huo si chakula, na kuku wazuiwe kwa siku hizo.

Mbolea haifuati mahindi ghalani

Kazi yote ya shambani huweza kuharibika kwa wiki moja ya unyevu. Mahindi yavunwe mara yanapokauka, yasilazwe juu ya udongo, na yaanikwe juu ya turubai hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu atie kiganja cha punje na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa nafaka kavu tu.

Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa au zenye ukungu zitengwe. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huondoa sehemu ya sumu kwa kuwa nyingi hukaa katika ganda na kiini, lakini hakuimalizi. Mahindi yaliyooza yasipewe mifugo pia: ng’ombe akiyala, sumu huonekana katika maziwa. Mtu akionyesha macho ya njano, tumbo kuvimba au kutapika baada ya kula nafaka inayotiliwa shaka, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na nafaka hiyo isiliwe na mwingine.

Mbegu ya msimu ujao ichaguliwe mapema, mimea ikiwa bado imesimama. Mkulima afunge uzi kwenye mimea yenye afya iliyo katikati ya shamba, ambayo ilipata chakula vizuri na haikushambuliwa na wadudu, na mavuno yake ayaanike na kuyahifadhi kando. Hii ni kwa ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mahindi yasiyo chotara.

Wakulima wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi kabla ya mvua kuanza ili waelekezwe jinsi ya kuchukua sampuli ya udongo na kujisajili kwa mbolea ya ruzuku. Mwenye kujua shamba lake linakosa nini hununua mbolea kwa kipimo, na familia yake hula nafaka isiyo na mashaka.